Tantine na Samaki wa Kurudishwa

Kwenye matanga ya Tantine Regina, mwezi uliopita, nilikuwa jikoni namenya vitunguu nikisikiliza hadithi ya samaki ikisimuliwa sebuleni, na kila aliyeichukua aliipamba upya. Mmoja alisema Tantine alimla yule samaki palepale ukingoni na kubakiza mifupa. Mwingine alisema Amani, kijana aliyekuwa akinichumbia, alimpigia magoti akilia. Dada mmoja wa kwaya, ambaye mwaka wa samaki huyo hata Durban alikuwa hajafika, aliapa kwamba samaki alimteleza Tantine mkononi na ndiyo maana hakuliwa. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nilijifuta mikono, nikasimama mlangoni na kuwauliza, "Mimi nilikuwepo. Nyinyi mlikuwa wapi?" Wakacheka, maana wananijua. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu nikalia sana, na vitunguu havikuhusika. Tantine aliishi kwa kuuza samaki, na jambo moja alilolichukia kuliko yote ni mtu kumsemea maneno ambayo hakuyasema. Basi nitaieleza mimi, kama ilivyokuwa.

Mwaka wenyewe ni 2012. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mdomo ambao mpaka leo haujapungua makali. Tantine ni dada wa baba yangu, shangazi kwa Kiswahili cha vitabuni, ila sisi Wakongo wa Bukavu na Uvira tunasema tantine na imetutosha. Tulikaa vyumba viwili vya nyuma ya nyumba ya watu huko Queensburgh, kitongoji cha Durban, na vyumba vyote viwili vilinuka samaki, kwa sababu mizigo yake ililala na sisi: ndagala, yaani dagaa wakavu, kwenye magunia, makayabo, vipande vya samaki wa chumvi, kwenye maboksi, na juu ya kabati wale samaki wakubwa wa kukaushwa ambao hakumruhusu mtu kuwagusa. Asubuhi tulipanda taksi kwenda mjini, yeye kwenye meza yake ya sokoni, mimi saluni kusuka nywele. Jioni tulikula fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, kwenye sahani moja, magoti yakigusana, huku akinihadithia wateja wa siku hiyo. Tantine alimpima mtu kwa jinsi anavyochagua samaki. Anayeanza kunusa kabla ya kusalimia alikuwa mchoyo. Anayeshika mkubwa halafu akaondoka na mdogo alikuwa na madeni. Nilimcheka, lakini sasa mimi ni mtu mzima na ninakiri kwamba mara nyingi alipatia.

Amani alikuwa kijana wa Kigoma, mpakiaji mizigo kwenye ghala moja la Clairwood. Alimsindikiza dada yake kusuka, akakaa kwenye benchi la saluni tangu asubuhi mpaka saa tisa bila kulalamika na bila kushika simu. Nikamuuliza kama amelala macho wazi. Akasema hapana, amezoea kungoja, yeye ni mvuvi wa bass, samaki wa mabwawani mwenye mdomo mpana. Mimi nilikulia kando ya ziwa, nikadhani ninajua uvuvi: taa, mitumbwi, wavu, kelele, samaki kwa beseni. Kumbe uvuvi wake ulikuwa mwingine kabisa. Msimamizi wake kazini, Mzulu mmoja aitwaye Sibusiso, alimfundisha kumvua bass kwa fimbo, samaki mmoja mmoja, na akampeleka kwa mzee mmoja Mhindi mwenye shamba huko juu, ng'ambo ya Pinetown, lenye bwawa lake mwenyewe. Mzee alimruhusu Amani kuvua wakati wowote kwa sharti moja: kila bass anarudishwa majini akiwa hai. Walipeana mkono, na kwa Amani mambo yakaishia hapo. Karatasi hakuna, mlinzi hakuna, na uzio ulikuwa umelala chini.

Mara ya kwanza aliponipeleka ilikuwa Jumapili, mwanzoni mwa baridi, na nilitoka kanisani moja kwa moja nikiwa na gauni langu la njano. Nikaenda mpaka kwenye ukingo kabisa. Mvua zilikuwa zimekwisha, tope limetulia, na maji yalikuwa maangavu hivi kwamba niliona mawe ya chini na kivuli kirefu kinene kikipita juu yake. Nikapiga kelele, "Amani! Huyo hapo!" Nikaruka na kunyoosha mkono. Kivuli kikapotea, na vingine ambavyo hata sikuwa nimeviona vikapotea pamoja nacho. Eish, Amani hakunikaripia. Alinivisha ovaroli lake la kazini juu ya gauni, akanikalisha kwenye nyasi hatua kadhaa nyuma ya maji, na akaniambia kwa sauti ya chini kwamba katika maji kama yale samaki anatuona vizuri kuliko sisi tunavyomwona. Tukakaa hapo mpaka jua lilipopita utosi na samaki wakasahau kwamba nimefika.

Halafu akanifundisha. Wakati wa baridi bass anashuka kwenye kina, anakaa ubavuni mwa mwamba, mvivu, hana haja ya kukimbiza kitu. Ukimrushia chambo kikubwa chenye vurugu anakitazama tu. Kwa hiyo Amani alitumia vitu vidogo: mshipi mwembamba ambao majini hauonekani, ndoana ndogo isiyo na kijino, na mnyoo wa plastiki wa rangi ya majani makavu, mfupi kama kidole changu cha mwisho. Kipande kidogo kizito cha madini ya risasi hufungwa kwenye ncha ya mshipi, chini kabisa, na ndoana hukaa juu yake kiasi cha shubiri. Risasi inalala chini, mnyoo unaelea palepale mbele ya pua ya samaki. Baada ya hapo kazi yako ni kutofanya karibu chochote. Unaulegeza mshipi kidogo, na unautikisa ule ulegevu tu, risasi isisogee. Kisha unaacha. Unaacha zaidi ya unavyotaka. Bass wa baridi hanyakui. Anafungua mdomo na mnyoo unaingia, na wewe unasikia uzito mdogo ambao dakika iliyopita haukuwepo. Ukishtuka ukavuta kwa nguvu, umemkosa au umekata mshipi. Unakunja taratibu mpaka mshipi unyooke, unainua fimbo, basi. Mikono yangu ilielewa haraka. Msusi anajua kwa vidole vyake wakati unywele mmoja umekaza kwenye ngozi ya mtu kabla mwenyewe hajasema aa. Siku ileile nilimpata wangu wa kwanza, na kufikia mwezi wa saba nilikuwa namshinda Amani, na mwenyewe akiulizwa leo hakatai.

Kwa hiyo nilipenda vitu viwili mwaka huo, na kile cha pili kilikuwa na shida ya kupata kibali. Amani alitaka kuleta watu wake waje kuniposa, wajomba zake wawili waliokuwa hapa Durban. Bila Tantine kuwapokea hakuna ndoa, na mimi sikuwa binti wa kutoroka. Alhamisi moja nilirudi mapema nikakuta kina mama wa maombi chumbani kwake, nami nikajilaza kitandani upande wa pili wa ukuta, ukuta wenyewe mbao tupu. Sikutega sikio, sauti zenyewe zilikuwa kubwa. Mama mmoja alisema mume wake anafanya kazi Clairwood na ameona picha kwenye simu: yule kijana wa Zawadi, na Zawadi ndiye mimi, anakamata samaki mzima, mnene, anapiga naye picha, halafu anamrudisha. "Anamurudisha wapi?" akauliza Tantine. "Ku maji." "Na mbele ya kumurudisha anamubusu," akaongeza mwingine, jambo ambalo ni uongo mtupu. Nikamsikia Tantine akiweka kikombe chini. "Miye nalishaka batu samaki tangu niko mutoto," alisema. "Mwanaume gani anarudishaka chakula ku maji? Kesho atarudisha bibi yake kwetu, atasema alikuwa anacheza tu." Wakaguna wote. Baadaye wakaniombea, kwa jina, kwa sauti, na mimi nasikia kila neno.

Usiku huo tukiwa kwenye chakula Tantine akatoa hukumu yake bila kupandisha sauti. "Alete samaki moja. Aliyemukamata na mukono yake. Nitamupika hapa, tutamukula. Siku ile nitapokea batu yake." Nikamwambia Amani anaweza kwenda baharini, kwenye ukuta wa mawe wa bandari, akamletea samaki wa bahari mkubwa kuliko huyo. "Wa bahari sitaki. Nataka ule ule anayemurudishaka." Nikasema Amani alitoa ahadi kwa mwenye bwawa. Akaramba vidole, akanitazama. "Na weye amekupatia ahadi gani? Mwenye kushiba anacheza na chakula, Zawadi. Sisi hatuna hiyo mchezo." Nilikasirika, nikaacha kula. Lakini nitamtendea haki, kwa sababu hayupo wa kujitetea: huyu mwanamke alivuka nchi nne akilisha watu kwa samaki wakavu, mimi nikiwa mmoja wao, na hakuwahi hata mara moja kuona samaki akiachwa kwa hiari. Kwake ule haukuwa mchezo, ulikuwa wazimu, na hakuna shangazi anayemwozesha binti kwa mwendawazimu.

Nilimwendea Amani na nikamwambia wazi, leta mmoja, nani atajua. Akasema yeye atajua. Nikamwambia basi aoe bwawa. Wiki nzima hatukusemezana, na ndiyo wiki ndefu kuliko zote nilizowahi kusuka watu vichwa. Mwishowe nikaona kama hawezi kumleta samaki kwa Tantine, nitampeleka Tantine kwa samaki, aone kwa macho yake, achoke, abadilike. Nilijiamini sana kwamba uzuri wa mahali pale ungemlainisha. Nilipomwalika Tantine alikubali upesi, nami nikafurahi kama mjinga. Jumamosi ile ya mwezi wa nane Amani, tukiwa tumeshapatana, alikuja na bakkie, pikapu ndogo aliyoazima kazini, na Tantine akatoka na sufuria, mafuta, chumvi, ndimu, mkaa, unga wa fufu na kisu chake cha sokoni kilichofungwa kwenye taulo. Akapanda mbele, akaweka sufuria mapajani. "Amani," alisema, "weye umeapa kwa ule muzee. Miye sijaapa kwa mutu. Nifundishe kukamata, nitakamata mwenyewe." Amani akaitazama ile sufuria. Akajibu, "Sawa, Mama," akawasha gari.

Njia yote nilikuwa nyuma nikipiga hesabu ya jambo lile, na kila nilipolipindua lilikuwa baya. Asipopata samaki, atarudi Queensburgh na jibu lake lilelile. Akipata, Amani ataharibu neno lake kwa mzee au ataharibu harusi yetu. Tulipofika, Tantine akiwa anawasha mkaa, nilimvuta Amani pembeni ya gari. "Mfundishe vibaya," nikamnong'oneza. "Mwambie atikise sana. Mwambie avute kwa nguvu. Siku itapita bure, tutatafuta njia nyingine." Ilikuwa rahisi kabisa, nani angejua? Amani hakukasirika. "Ni Mama yako," akasema. "Amekuja kujifunza kwangu. Nitamfundisha." Akachukua fimbo iliyo nzuri kuliko zote, ile ambayo mimi mwenyewe hunipa kwa manung'uniko, akamfuata.

Tantine alivaa kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege wekundu. Amani akamwomba radhi, akamfunika mabega kwa blanketi la kijivu ili samaki wasimwone. "Munanifunika sawa maiti?" aliuliza, lakini akakubali, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Amani akachuchumaa pembeni yake na kumweleza yote, polepole, bila kuficha kitu: mwamba uko wapi, risasi inafika chini lini, ulegevu unatikiswaje, na zaidi ya yote namna ya kuacha. Nilikaa nyuma yao nikiwa nimeuma kucha. Tantine hakuwa mwanafunzi mtulivu. "Sasa nafanya nini?" "Hakuna, Mama." "Hakuna mupaka lini?" "Mpaka uzito uje." "Na usipokuja?" "Tunaendelea na hakuna." Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha nikaona kidole chake cha shahada kimeugusa mshipi, kidole ambacho kwa miaka mingi kiliweza kujua gunia la ndagala lina unyevu wapi bila kulifungua. Saa sita, jua likiwa limepasha maji kidogo, akasema kwa utulivu kabisa, "Amani, kuna mutu hapa."

"Usivute, Mama. Kunja. Kunja. Sasa inua." Fimbo ikapinda mpaka nikadhani itavunjika. Bass yule alikuwa mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona mle, na mshipi ulikuwa mwembamba wa aibu. Blanketi likaanguka, Tantine akasimama na ndege wake wekundu wote, akipaza sauti kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, akimwita samaki majina ambayo siwezi kuyaandika. Amani hakuigusa fimbo hata mara moja. Alisema tu, akitaka kukimbia mwache, akichoka kunja, akitaka tena mwache, na Tantine akafanya hivyo kana kwamba alizaliwa na fimbo mkononi. Samaki alipofika pembeni, Amani aliingia majini mpaka magotini, akamshika mdomo wa chini, akamtoa ndoana, na akamkabidhi Tantine mikononi mwake. Hiyo nayo angeweza kutoifanya. Angeweza kumwachia palepale na kusema ameteleza.

Tantine alimpakata kifuani kwa mikono yote miwili, anahema, maji yanamtiririka kwenye kitenge. Makaa yalikuwa mekundu nyuma yetu. Akasema, "Zawadi, lete kisu." Sikusogea. Na Amani, aliyesimama majini katika baridi ile akitetemeka, akasema, "Mama, huyo anarudi." Tantine akamgeukia. "Nimemukamata miye." "Ndiyo, Mama." "Siyo weye." "Siyo mimi." "Na nikikatala?" Nilimtazama Amani nikaona anaogopa, anaogopa kweli, na bado anaongea. "Ukikataa, Mama, sitakunyang'anya. Nitakaa, nitakula na wewe. Halafu nitaenda kwa mzee kumwambia nimevunja neno langu, na sitakuja hapa tena." Hakusema lolote kuhusu mimi wala wajomba zake. Tantine alimtazama kwa yale macho ya mezani sokoni, yale ya kumwangalia mteja anayechagua, na mimi nikawa nampenda yule mwanaume huku nikitaka kumpiga na sufuria.

Kisha Tantine akapitisha kidole gumba chini ya tumbo la samaki, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. "Iko na mayai," alisema. "Miye siuzishaka samaki ya mayai, hata siipikake." Akashuka mwenyewe, viatu na yote, akainama na kumshikilia majini mpaka mapezi yalipoanza kuchezacheza, akafungua mikono. Tukamwona akishuka kwenye maji yale maangavu mpaka mwamba ukamficha. Sasa, mimi nimeishi na Tantine, nimekula naye samaki wa mayai si mara moja, na ninajua alivyogombea lile fungu la mayai na mtu yeyote aliyelisogelea.

Tantine alikuwa na hakika ya samaki kiasi kwamba hakubeba kitoweo kingine. Tulikula fufu kwa chumvi, ndimu na pilipili, sisi watatu tumezunguka sufuria moja, na hakuna aliyethubutu kucheka. Wakati wa kurudi alikaa mbele kama alivyokuja, miguu imelowa, anatazama dirishani, na hakusema neno kutoka shambani mpaka tunaingia Queensburgh. Mimi nyuma nilikuwa nimeshaanza kuomboleza harusi yangu. Tukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu.

"Amani," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Batu yako ba Kigoma banakulaka sombe?"

Robot ikawa kijani, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na Amani ameshika usukani kama sanamu. Nikadakia kutoka nyuma, kupitia kidirisha kilichokuwa wazi, "Wanakula, Tantine! Wanakula sana!"

"Haiko weye naulizia."

"Wanakula, Mama," Amani akasema, akiliondoa gari. "Wanakula kila kitu."

"Bon. Bakuje, nitabapokea," alisema Tantine. "Lakini samaki nitaleta miye."